Debe la Kununulia na Debe la Kuuzia: Majibu ya Barua Zenu

Wapendwa wasomaji, shalom. Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, za karatasi na za meseji, nimezisoma zote na kuna kitu nimekiona. Zamani mlikuwa mnaniuliza sana siku za mwisho na alama ya mnyama, sasa hivi mnaniuliza habari za Jumatatu. Yaani mtu Jumapili kaimba, kalia, katoka kanisani amefurahi, halafu Jumatatu saa moja asubuhi yuko kazini na pale ndo anakwama. Mimi nimefurahi kuona hivyo. Nimechagua barua nne na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, mnivumilie.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mzee wangu. Mimi ni binti wa miaka 26, niko Makambako, nimeajiriwa na tajiri mmoja ananunua viazi na mahindi vijijini anapeleka Dar. Kazi yangu ni kushika daftari na kulipa wakulima. Shida yangu ni lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu vijana wanaunganisha kipande cha gunia lingine wanashona kwa kamba, linakuwa kama limevaa kilemba, ila mimi naandika gunia moja na mkulima nampa hela ya gunia moja. Wengine nasali nao kanisa moja. Nilimwambia mchungaji akasema niombe, Mungu atafungua mlango mwingine. Baba yangu ni marehemu, wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara huu huu. Niache kazi, au niendelee huku naomba?

JIBU: Binti yangu, marahaba, na pole. Umeandika ukweli mtupu bila kujipamba na mimi nitakujibu hivyo hivyo.

Biashara hiyo naijua kwa mikono yangu. Kabla sijaokoka nilinunua mahindi vijijini miaka sita, na nilikuwa na madebe mawili. La kununulia nililipeleka kwa fundi akaligonga kwa nyundo kutokea ndani, mbavu zikatoka nje kidogo, ukiliangalia haraka haraka huoni kitu, lakini linameza mahindi kuliko debe la kawaida. La kuuzia nililibonyeza kitako kikaingia ndani. Kwa hiyo nilikuwa nakula kwa mkulima bakuli moja na kwa mnunuzi wa mjini bakuli moja, kila debe, na gunia lina debe sita, sasa zidisha kwa gunia mia za msimu mmoja. Nyumba ninayoishi msingi wake ni hayo mabakuli. Na sadaka nilikuwa natoa vizuri tu, nilichangia hata mabati ya kanisa. Sikujiona mwizi hata siku moja, nilijiona najua biashara, maana sokoni pale kila mtu alikuwa na debe lake la namna hiyo na hakuna aliyeliita wizi.

Nilikuja kushtuka siku nimesoma nabii Amosi sura ya 8. Kuna watu pale wanauliza sabato itaisha lini tufungue ghala tuuze ngano, huku wanaipunguza efa na kuiongeza shekeli. Efa ni kipimo cha nafaka, shekeli ni jiwe la kupimia fedha. Angalia basi, hao sio wapagani, ni watu wanaotunza sabato, wamefunga duka kabisa kama sheria inavyotaka, lakini akili yao iko kwenye debe. Nilifunga Biblia nikatoka nje nikayaangalia madebe yangu yamepangwa ukutani. Amosi alikuwa ananisema mimi.

Sasa swali lako. Usiache kazi kesho asubuhi. Katika Luka sura ya 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza mwalimu tufanye nini sisi, na wale ndo walikuwa watu wanaochukiwa kuliko wote, lakini hakuwaambia waache kazi, aliwaambia "msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa". Mtu anaweza kuona ni jibu jepesi. Sio jepesi, kwa sababu mtoza ushuru alikuwa anaishi kwa hicho cha zaidi, kwa hiyo Yohana aliwaambia bakini kwenye meza zenu mkiwa maskini. Na kwako wewe ni vile vile, unaweza kubaki pale ila huwezi kubaki kama ulivyokuwa.

Jiulize katika lumbesa yote ile ni kitu gani kiko mkononi mwako wewe. Kushona kilemba sio wewe. Kupanga bei sio wewe. Cha kwako ni kalamu. Gunia lina debe na nusu la ziada na kalamu yako inaandika moja. Yesu alisema maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo, na daftari nalo ni maneno. Kwa hiyo mwendee bosi wako, akiwa peke yake, sio mbele ya vibarua, kwa heshima kabisa kama mtu anayemtakia mema, mwambie bosi mimi siwezi tena kuandika moja mahali ambapo si moja, naomba tununue mzani tulipe kwa kilo. Mwambie pia serikali yenyewe imeikataza lumbesa, Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo wana haki ya kumtoza faini njiani na fuso lake limejaa mzigo. Na mwambie kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakijui mpaka wajaribu, mkulima akishajua kwamba kwa fulani unalipwa kwa kilo, viazi vyake vizuri anakuletea wewe, wale wengine anawapelekea vya mabaki. Mimi nililiona hilo nilipobadilisha madebe. Msimu wa kwanza niliumia kwelikweli, nisikudanganye, hata mke wangu alinisema. Wa pili walinitafuta wenyewe.

Akikubali, umshukuru Mungu. Akisema andika moja la sivyo ondoka, basi hapo ndo umefika penyewe na itabidi uondoke. Ndo maana nimekwambia sio kesho. Anza leo kuweka akiba hata kidogo kidogo, tafuta kazi nyingine kimya kimya, jiwekee mwisho, tuseme msimu huu ukiisha. Ukijiwekea "siku moja" utakuwa bado uko hapo una miaka 40.

Na mchungaji wako, naomba umrudie. Mwambie kwa unyenyekevu kwamba wale wakulima ni kondoo wake na tajiri kama anasali hapo naye ni kondoo wake, kwa hiyo hili sio jambo la binti mmoja kuombea peke yake chumbani. Mwambie pia ukipoteza kazi kwa ajili ya ukweli utawaletea wazee wa kanisa ada ya wadogo zako. Wasikasirike. Matendo ya Mitume sura ya 4 inasema hapakuwa na mtu kati yao mwenye mahitaji, na sababu haikuwa kwamba wote walikuwa na mishahara, ni kwamba waliuza viwanja wakagawiana. Kanisa linalomwambia binti awe mwaminifu halafu linamwacha alale njaa na wadogo zake, hilo nalo lina debe lililobonyezwa.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi naishi Tanga, ni Mkristo, jirani yangu ni mama wa Kiislamu na kila Ramadhani ananiita kufuturu. Mwaka jana sikwenda kwa sababu kwenye grupu letu la maombi la WhatsApp waliandika kwamba kula futari ni kushiriki ibada ya dini nyingine. Yule mama hakusema kitu ila toka hapo amepoa. Nifanyeje?

JIBU: Nenda. Na usisubiri Ramadhani, nenda wiki hii ukamwombe radhi. Paulo alishaandika hili kwa Wakorintho, barua ya kwanza sura ya 10, asiyeamini akikualika na unataka kwenda, kula kila kitakachowekwa mbele yako bila kuuliza-uliza. Jirani yako alikuwa anakupa tende na uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi, hakuwa anakubadilisha dini. Halafu Krismasi mwite na yeye, na kuku mpe kijana wa Kiislamu hapo mtaani akuchinjie ili mgeni wako ale bila wasiwasi, kama mama zetu walivyokuwa wanafanya siku zote na hakuna aliyekufuru. Siku ukiumwa usiku, yeye ndo atakayesikia kwanza unakohoa.

SWALI: Mtumishi, naomba uniombee niweze kusamehe. Dada wa kazi tumekaa naye mwaka na miezi mitatu, tumemlea kama mtoto wetu, jioni tunasali naye sebuleni. Juzi kaondoka alfajiri bila kuaga, kachukua vitenge vyangu viwili vya wax na elfu 30 ya matumizi. Na mshahara wake nilikuwa namtunzia mwenyewe asiuchezee, kulikuwa na miezi saba. Nina uchungu sana, wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Mama wa Mwanza.

JIBU: Mama yangu, pole kwa vitenge. Kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa ni kosa na sitalitetea. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama pale pale, kwenye miezi saba.

Nakuuliza kwa upendo mkubwa, hiyo hela ya miezi saba ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye bahasha imeandikwa jina lake, au iliingia kwenye ada na umeme na mchango wa harusi ukawa unasema mwezi ujao nitairudisha? Najua jinsi nyumba zinavyoendeshwa, hata kwangu ilishatokea, binti alikuwa anamuuliza mke wangu kwa aibu, mama ule mshahara wa mwezi wa pili, na sisi tunamwambia utakula wapi hela na wewe upo hapa hapa. Alikuwa na mama yake kijijini anasubiri hela hiyo anunue mbolea. Sisi hatukuuliza.

Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inasema usimwonee kibarua aliye maskini, mpe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe juu yake, kwa sababu moyo wake umeutumainia ule ujira. Jua moja tu. Hapo kwako yamekuchwa ya miezi saba. Yakobo naye sura ya 5 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele na Bwana anausikia, na mimi nafikiri hata zile jioni mlizokuwa mnasali sebuleni ule ujira ulikuwa unapiga kelele humo humo chumbani, binti ndo alikuwa anausikia.

Na hili la kusema tumemlea kama mtoto wetu tulipime. Mtoto wako wa kumzaa anaamka saa kumi na moja kuwasha jiko? Anakula baada ya wote? Sikuhukumu, nakuomba uangalie tu. Yule alikuwa mfanyakazi na mfanyakazi ana haki zake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa saa 24 za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na binti wa kazi za ndani naye yumo. Ukimpa hizo unamheshimu kuliko ukimwita mwanangu.

Unaniomba nikuombee usamehe. Nitaomba. Ila kabla ya hapo tafuta namba ya kwao, piga hesabu ya miezi saba, toa elfu 30 kama unataka kuitoa, mimi ningekuwa wewe nisingeitoa, tuma zote kwa mpigo mmoja pamoja na ya kutolea, halafu mpigie umwambie nimekutumia haki yako, nilikosea kuikalia. Vitenge usivitaje kwenye simu hiyo. Ukimaliza rudi upige magoti, uone kama uchungu uko pale pale ulipouacha.

SWALI: Mzee, naandika kwa siri, mke wangu hajui. Miaka tisa iliyopita nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya ujenzi. Kwa mwaka mzima nilikuwa natoa mifuko ya saruji kidogo kidogo nauza, ilifika 40 hivi. Walipogundua upungufu walimfukuza mlinzi wa usiku, mara ya mwisho nilisikia amehamia upande wa Ifakara, mimi nikabaki, nikaja kuacha mwenyewe baadaye. Sasa nimeokoka, nafundisha watoto Jumapili. Nilimuuliza kiongozi wangu akasema damu ya Yesu imeshafuta, kuchimbua ya kale ni kukosa imani. Lakini nikifundisha amri kumi nikifika ya nane sauti inakata. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, sauti yako inakata kwa sababu Roho Mtakatifu bado anazungumza na wewe. Mshukuru.

Ni kweli damu ya Yesu inafuta dhambi. Saruji hairudishi. Hivi ni vitu viwili, na Biblia haijawahi kuvichanganya. Zakayo alisimama akasema, ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne, na ni baada ya maneno hayo ndo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Hakumwambia kaa chini Zakayo, hayo ya kale. Na kama mara nne inakutisha, kuna Hesabu sura ya 5, mtu aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake. Mifuko yako 40, sehemu ya tano ni mifuko nane, jumla 48, kwa bei ya saruji ya leo na sio ya miaka tisa iliyopita.

Neno mlokole siku hizi tumeliharibu kidogo. Ukisema fulani mlokole watu wanaelewa hanywi pombe na mkewe anavaa sketi ndefu. Asili yake ni Kiganda, balokole, waliookoka, na lilisambaa na ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyekuwa Gahini, Joe Church, alikutana Kampala na Mganda Simeon Nsibambi, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu pale Gahini na alikufa Januari 1936 bado kijana, lakini moto haukufa naye, ulishika Uganda, ukaenda Kenya, ukaingia kwetu kwa upande wa Bukoba. Na kitu kilichowafanya majirani washangae ni kurudisha. Mtu anagonga mlango kwa mwajiri wake ameshika alichokiiba, mwingine anakuja kulipa deni ambalo hata mdai alishalisamehe moyoni, wanaungama kwa jina, mchana kweupe. Hao ndo walokole wenyewe, na kiongozi wako akisema kurudisha ni kukosa imani, wazee hao wasingemwelewa.

Mimi nilirudisha mahindi. Nilikuwa na orodha kwenye daftari la shule. Nyumba ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya bibi mmoja, nilimkuta nje anapepeta maharage, nikamweleza habari ya debe langu lililotanuliwa. Hakusema nimekusamehe. Alimwita mjukuu alete debe lake la ndani, akaniambia, mimina. Nikamimina, akachukua kijiti akafuta juu taratibu mpaka mahindi yakawa sawa na mdomo wa debe, akasema moja. Nikamimina, mbili. Tulienda hivyo hakuna anayeongea zaidi ya kuhesabu. Yangu yalipokwisha akaniangalia akasema, bado moja, la mwaka ule wa njaa. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye hakulisahau. Wiki iliyofuata nikampelekea.

Nakusimulia hili kwa sababu ya yule mlinzi. Kwenye barua yako umemwandika mstari mmoja tu halafu ukarudi kwenye saruji, lakini mimi nimeshindwa kumruka. Kampuni ilipoteza mifuko 40. Yeye alipoteza kazi, na jina, na miaka tisa ameishi akiitwa mwizi kwa kitu ulichofanya wewe, labda na watoto wake wameisikia hiyo. Anzia kwake.

Usiku huu mwambie mke wako, yote, asije akasikia kwa mtu. Kisha ongea na mwanasheria, wapo wanaotoa msaada wa bure, akueleze unachoweza kukutana nacho, maana inawezekana kampuni ikakusamehe na inawezekana ikakupeleka polisi na sitaki uingie humo umefumba macho. Mtafute mchungaji mwingine, mtu mzima, akusindikize. Barua ya kampuni iseme waziwazi kwamba mlinzi hakuhusika, uweke sahihi, na nakala umpe yeye mlinzi mkononi awe nayo. Darasa la watoto lipumzishe kwa muda, mwambie mwenzako akushikie.

Umesema kwa mara ya mwisho ulisikia amehamia upande wa Ifakara. Waulize walinzi wenzake wa zamani, wale huwa wanajuana. Ukimpata niandikie. Na usipompata niandikie pia, hapo Ifakara nina ndugu wa kanisa wanaoweza kuulizia.